"Serendipity": bahati inayomtaka mwenye macho

Neno la Kiingereza "serendipity" siku hizi linatumika kwa kila zali. Mtu akiokota noti njiani, serendipity. Akipishana na rafiki wa utotoni kituo cha daladala, serendipity. Aliyelibuni alikusudia zaidi ya hapo, na sisi tunaofundisha lugha inatuuma kuona nusu ya maana yake ikipotea.

Ni maneno machache ambayo siku yao ya kuzaliwa inajulikana. Hili tunalijua: tarehe 28 Januari 1754, mwandishi Mwingereza Horace Walpole alimwandikia barua rafiki yake Horace Mann, aliyekuwa Florence. Mann alikuwa amempelekea picha ya kuchorwa, na Walpole akamsimulia alivyokutana na nembo ya ukoo wa mwanamke aliyechorwa. Ugunduzi wa namna hiyo akauita serendipity, kwa kukumbuka hadithi ya wana watatu wa mfalme wa Serendip.

Serendip ndiyo Sarandibu ya Waarabu na Waajemi, yaani Sri Lanka. Ibn Battuta, yuleyule aliyefika Mombasa na Kilwa mwaka 1331, alikwenda huko mwaka 1344. Hadithi yenyewe ilichapwa kwa Kiitaliano mjini Venice mwaka 1557.

Wana hao wanakutana na mtu aliyepotelewa na ngamia. Wanamuuliza: ana chongo? Ana pengo? Anachechemea? Yote ni kweli, kwa hiyo wanashikwa kwa wizi. Ngamia anapopatikana ndipo wanajieleza. Majani yalikuwa yameliwa upande mmoja tu wa njia, tena ule wenye majani hafifu. Vibonge vya majani yaliyotafunwa vilikuwa vimedondoka, kila kimoja kiasi cha jino. Na alama za mguu mmoja zilikuwa zimeburuzwa mchangani.

Kwangu mimi, hadithi hii ina upelelezi mwingi kuliko bahati. Lakini Walpole alieleza wazi: ni kugundua jambo usilolitafuta, kwa tukio la bahati pamoja na werevu. Kimoja kikikosekana, neno halifai.

Mwezi Septemba 1928, katika hospitali ya St Mary's, London, Alexander Fleming alirudi kutoka likizo akakuta sahani yake ya bakteria imeota ukungu. Sahani iliyoharibika hivyo kwa kawaida hutupwa. Yeye aliitazama, akaona kwamba karibu na ule ukungu bakteria walikuwa wametoweka. Penisilini ilianzia hapo.

Kwa hiyo kushinda bahati nasibu si serendipity. Lakini ukifungua sanduku la marehemu babu kutafuta hati ya shamba, ukakuta barua ya zamani, ukasoma tarehe na mhuri wa posta, ukatambua ukoo wenu ulihamia kutoka wapi, hapo litumie bila wasiwasi.