Limekufa au limekufaa? Hesabu mizani kwanza

Maneno ya nyimbo zetu yanaandikwa mtandaoni kwa sikio tupu, na hilo linanikera kuliko kosa lolote la tahajia. Mtu anasikia ndivyo sivyo, anaandika, wenzake wananakili, kisha lawama anabebeshwa mwimbaji kwamba hatamki vizuri. Kumbe wimbo, hasa wa taarabu asilia, huwa na ushahidi wake ndani kwa ndani.

Chukua kipande hiki nilichokitunga kwa mfano tu: "Penzi letu limekufa." Katika mazungumzo mkazo unakaa kwenye *ku*. Mwimbaji akiivuta silabi ya mwisho kwa noti ndefu, mkazo unahamia kwenye *fa*, na sikio linapokea "limekufaa", yaani penzi limekuletea manufaa. Msiba umegeuka shukrani. Ndiyo hali ya kata na kataa, choka na chokaa.

Mizani, yaani idadi ya silabi, inaumaliza ubishi huo. Nyimbo nyingi za taarabu asilia zina mizani 16 kwa mshororo (mstari), 8 kila kipande, yaani kila nusu ya mshororo. Pe-nzi-le-tu-li-me-ku-fa: 8. Andika limekufaa, zinakuwa 9, na kina, yaani silabi ya mwisho ya kipande, kinatoka *fa* kinakuwa *a*. Ukihesabu, m ya mtu ni mizani kamili (m-tu, 2), na n ya nchi vilevile (n-chi, 2), lakini n ya ndege imeshikana na d (nde-ge, 2). Wengi hukosea hapo wakadhani mtunzi ndiye aliyepitiwa.

Kwa hiyo naandika silabi kwanza, maneno baadaye. Punguza kasi ya wimbo hadi robo tatu, vaa spika za masikioni, andika kila silabi kwa kistari, hesabu, linganisha vina vya beti zote, halafu ndipo ukate maneno. Anayeanza na maneno huishia kuandika "na kupenda" mahali pa "nakupenda", na maana yote inapotea.

Mizani haitoshi kila mara. Mahari na mahali zote ni 3, na mwimbaji anayechanganya r na l atakuacha njia panda: bwana hana mali ya kuolea, au hana pa kukaa? Neno likiwa mwisho wa kipande, kina cha *ri* au *li* katika mishororo mingine kitakujibu. Vinginevyo soma ubeti mzima.

Upatanisho wa ngeli nao ni shahidi mzuri. Katika nyimbo za Mombasa utasikia "mato yangu", na mtu wa bara ataandika "moto". Lakini moto ungetaka *wangu*. Hiyo *yangu* inakuonyesha kuwa ni macho, kwa Kimvita, lahaja ya Mombasa. Yaache mato yalivyo. Kuyageuza macho ni kumsahihisha mtunzi katika lugha ya kwao.

Kero yangu ya pili ni jinasi (maneno ya matamshi sawa yenye maana tofauti) za karatasini. Mtu anaona *paa* mara mbili, mnyama na la nyumba, anatangaza kwamba mshairi kacheza na maneno. Kwa Mswahili wa Mombasa, paa wa porini ana mpumuo (pumzi inayosikika) kwenye p, paa la nyumba halina. Kaa wa baharini na kaa la moto ni hivyohivyo. Sikio la kwao linasikia maneno mawili tofauti, kwa hiyo usiite jinasi mpaka umemsikia mtu wa huko akiyatamka.

Jinasi ya kweli ni kama "hukupenda". Ni wewe hukupenda, au ni yeye ambaye kila siku hukupenda? Matamshi ni yaleyale, mizani ni 4 kote kuwili. Tazama mshororo unaofuata umemtaja nani. Usipomtaja yeyote, basi mtunzi kaufunga mlango makusudi: liandike neno lilivyo, bila mabano wala maelezo pembeni.