Ufunuo si kisiwa: dhana potofu kuhusu kitabu cha mwisho cha Biblia

Biblia ya marehemu mama ninayo mpaka leo, Union Version ya jalada jeusi. Ukiifunga ukaitazama ubavuni, utaona kurasa zimeshika weusi wa vidole sehemu mbili: katikati, penye Zaburi, na mwisho kabisa, penye Ufunuo. Kuanzia Ezekieli hadi Zekaria ni nyeupe kama siku ilipotoka dukani Kariakoo. Simlaumu mama. Nimekaa kwenye jumuiya za Temeke miaka mingi, na ukiazima Biblia ya mtu yeyote pale, aghalabu imechakaa vivyo hivyo. Tunawaruka manabii, tunatua mwisho, kisha tunashangaa mbona giza.

Karibu kila dhana potofu niliyowahi kuisikia kuhusu Ufunuo imezaliwa hapo. Yohana alikuwa kisiwani Patmo, lakini kitabu alichokiandika si kisiwa.

Dhana: “Ufunuo ni mafumbo mapya, hakina ndugu kwenye Biblia”

Ndugu kinao, tena wengi. Kina aya zaidi ya 400, na wasomi wamehesabu humo mamia ya mwangwi wa Agano la Kale, ingawa Yohana hasimami hata mara moja kusema “kama alivyoandika nabii fulani”. Anaamini msikilizaji wake ameshajua. Ni kama mtu wa Pwani anayesema “haraka haraka” akanyamaza. Nani anahitaji kumaliziwa?

Mchukue yule mnyama wa sura ya 13 anayetoka baharini: mfano wa chui, miguu ya dubu, kinywa cha simba, pembe kumi. Sasa rudi Danieli 7. Pale wanyama ni wanne, na wote wanatoka baharini: simba, dubu, chui, na wa nne asiyefananishwa na kitu, mwenye pembe kumi. Yohana amewamimina wote kwenye chungu kimoja. Hata vile vichwa saba vinahesabika: chui wa Danieli ana vichwa vinne, wenzake watatu kimoja kimoja. Danieli mwenyewe aliambiwa kwamba wanyama wale ni falme. Kwa hiyo mtu wa Efeso au Smirna, miji miwili kati ya saba ambayo makanisa yake yalipelekewa kitabu hiki kama barua, aliyesikia sura hiyo ikisomwa hakuhitaji kuuliza ni dude gani. Alichojiuliza ni ufalme upi umezimeza tabia za zile zilizotangulia, na jibu lilikuwa likipita mbele ya mlango wake na mikuki.

Na kuna kitu kimoja Yohana alikigeuza makusudi. Mwishoni mwa kitabu chake Danieli anaamriwa kuyafunga maneno na kukitia kitabu muhuri. Mwishoni mwa Ufunuo, 22:10, Yohana anaambiwa asiyatie muhuri, kwa kuwa wakati umekaribia. Muhuri tumeuweka sisi.

Dhana: “Chapa ya mnyama ni kifaa kinachokuja”

Nilipokuwa kijana ilikuwa ile mistari ya bei kwenye bidhaa za dukani. Ikaja chipu. Mwaka 2021 ikawa chanjo ya korona, na mzee mmoja wa jumuiya yetu alinifuata nyumbani usiku kunionyesha video kwenye simu, mkono ukimtetemeka. Kila kifaa kikizoeleka tunahamia kingine, na sijawahi kumsikia mhubiri hata mmoja akirudi kuomba radhi kwa kile cha mwanzo.

Tatizo ni kwamba tunasoma mwisho wa sura ya 13, penye chapa ya mkononi au kwenye kipaji cha uso, tukafunga kitabu. Aya inayofuata, 14:1, inawaonyesha watu waliosimama na Mwana-Kondoo, nao wameandikwa jina lake na la Baba yake kwenye vipaji vya nyuso zao. Sura ya 7 ilishasema watumishi wa Mungu wanatiwa muhuri mahali hapo hapo. Mbona hakuna anayekagua vipaji vya waumini kutafuta muhuri huo? Kwa sababu tunajua kabisa kuwa ni picha ya umiliki: huyu ni wa nani. Basi na chapa ya mnyama ni vilevile.

Picha yenyewe ina kwao. Katika Ezekieli 9 mtu mwenye kidau cha wino anapita Yerusalemu akiwatia alama kwenye vipaji wale wanaougua kwa machukizo ya mji. Nyuma zaidi, Kumbukumbu la Torati 6, Waisraeli wanaambiwa waifunge amri ya Mungu mkononi na katikati ya macho. Mkono na uso, sehemu zile zile. Mnyama anaiga tu kile ambacho Mungu alikidai kwanza.

Na 666, ile hesabu ya mnyama? Wayahudi na Wagiriki waliandika tarakimu kwa herufi, hivyo kila jina lilikuwa na hesabu yake. Andika “Nero Kaisari” kwa herufi za Kiebrania ukifuata matamshi ya Kigiriki: 50, 200, 6, 50, kisha 100, 60, 200. Jumlisha mwenyewe. Ukiliandika kwa matamshi ya Kilatini herufi moja ya 50 inaanguka, unabaki na 616. Na kweli ziko hati za kale za Ufunuo zenye 616. Wasomi wengi huona hapo jina la Kaisari aliyewaua Wakristo wa Rumi baada ya moto wa mwaka 64. Wapo wasiokubali, na hesabu za majina zina utelezi wake, lakini angalau jibu hili linatoka katika dunia ya waliopelekewa barua.

Dhana: “Ufunuo ndiyo kitabu cha Mpinga Kristo”

Neno hilo halimo humo. Litafute kwenye 1 Yohana na 2 Yohana, na hapo utakuta wapinga Kristo ni wengi na walikuwa wameshafika.

Dhana: “Sura zake ni ratiba, moja baada ya nyingine”

Hii ndiyo inayouza mabango yale ya kukunja, yenye mishale na miaka. Jaribu kuifuata kwa uaminifu. Muhuri wa sita, sura ya 6: nyota zinaanguka duniani na mbingu inakunjwa kama karatasi. Sura ya 8, tarumbeta ya nne: theluthi ya nyota inapigwa. Nyota zipi tena? Sura ya 12 nayo inarudi nyuma hadi mtoto anazaliwa, anayewachunga mataifa kwa fimbo ya chuma, maneno ya Zaburi ya 2.

Mihuri, tarumbeta na vitasa (mabakuli ya ghadhabu ya sura ya 16) vinaizunguka habari moja, kila mzunguko kwa sauti kubwa zaidi, kama ngoma inayorudia pigo lile lile huku mpigaji akipandisha mori. Pigo lenyewe ni la Kutoka: maji kuwa damu, majipu, mvua ya mawe, nzige, giza, vyura. Anayekumbuka Farao anajua mapigo yale yalikuwa na kazi gani: kuwatoa watumwa.

Dhana: “Yesu wa Injili ni mpole, wa Ufunuo amerudi na hasira”

Injili zenyewe hazikubali. Marko 13 na Mathayo 24 zina vita, njaa, jua kutiwa giza na nyota kuanguka, na msemaji ni Yesu ameketi Mlima wa Mizeituni.

Lakini jibu zuri zaidi liko ndani ya Ufunuo. Katika sura ya 5 Yohana anaambiwa Simba wa Yuda ameshinda. Anageuka kumwona simba, anamwona Mwana-Kondoo aliyechinjwa. Anasikia hiki, anaona kile. Fundi huyu anaurudia mtindo huo katika sura ya 7: anasikia hesabu, 144,000, kumi na mbili mara kumi na mbili mara elfu, akitazama anaona umati ambao hakuna awezaye kuuhesabu. (Mabishano mangapi kuhusu idadi ile yangeisha kama watu wangesoma aya tano mbele!) Tangu sura ya 5 jina kuu la Kristo ni Mwana-Kondoo, simba harudi tena kwa jina hilo. Na katika sura ya 19, mpanda farasi mweupe ana vazi lililochovywa damu kabla vita haijaanza, na upanga wake unatoka kinywani. Isaya 11 ilishasema atakayetoka shina la Yese ataipiga dunia kwa fimbo ya kinywa chake.

Sisemi vitisho havimo. Vimo, na vinatisha.

Dhana: “Babeli ni mji fulani wa leo, tuutaje”

Kila kizazi kimetaja wake. Sura ya 17 inasema mwanamke aitwaye Babeli ameketi juu ya milima saba, na kila mtu wa karne ya kwanza alijua ni mji gani uliojengwa juu ya vilima saba. 1 Petro 5:13 nayo inatuma salamu kutoka “Babeli”, na wafafanuzi wengi wanaisoma hivyo hivyo, Rumi. Jina limechukuliwa kwa sababu Babeli ndiyo iliyochoma hekalu la kwanza, na Rumi ililichoma la pili mwaka 70. Ombolezo la sura ya 18 limeshonwa kwa vipande vya Isaya, Yeremia, na Ezekieli 27, wimbo wa maombolezo juu ya Tiro, mji wa bandari.

Hapa mtu wa Dar es Salaam asome taratibu. Wanaolia Babeli inapoanguka ni wafalme, wafanya biashara na wenye vyombo vya baharini. Aya ya 12 na 13 zinaorodhesha shehena yao: dhahabu, fedha, lulu, kitani, hariri, vyombo vya pembe za ndovu, mdalasini, uvumba, ngano, ng'ombe, farasi, na mwisho kabisa miili na roho za wanadamu. Kitabu cha mabaharia wa Kigiriki cha karne hiyo hiyo ya kwanza kinataja pwani yetu, wakiiita Azania, na bandari yake ya Rhapta, ambayo wanahistoria wengi wanaiweka upande huu wa Tanzania. Bidhaa yake kubwa ilikuwa pembe za ndovu. Hakuna wa kuapa kwamba chombo fulani mezani Rumi kilitoka kwetu, lakini njia ilikuwepo. Na mkazi wa mji ulio mwendo mfupi tu kutoka Bagamoyo hahitaji kamusi ili aelewe kwa nini nabii ameweka pembe na wanadamu kwenye orodha moja ya mizigo.

Dhana: “Kilipokelewa siku ya kwanza, na aya yake ya mwisho inaifunga Biblia nzima”

Magharibi kilikubaliwa mapema. Mashariki kilihangaika. Katika karne ya tatu Dionisio, askofu wa Aleksandria, alikiheshimu lakini akasema Kigiriki chake hakiwezi kuwa cha mwandishi wa Injili ya Yohana. Biblia ya kale ya Kisiria haikuwa nacho. Athanasio, naye askofu wa Aleksandria, alikiweka katika orodha yake ya vitabu 27 mwaka 367. Hata leo Waorthodoksi wanakikiri kuwa Maandiko bila kukisoma katika ibada zao za kawaida. Luther, mwaka 1522, aliandika wazi kwamba haoni Roho Mtakatifu ndiye aliyekitoa. Mwaka 1530 akalegeza kamba.

Onyo la 22:18 la kutoongeza neno linasema “kitabu hiki”, yaani unabii huo aliokuwa akiuandika. Wakati huo hapakuwa na juzuu moja iliyofungwa pamoja. Onyo kama hilo liko Kumbukumbu la Torati 4:2, na hakuna aliyedai Musa alikuwa akiwakataza manabii.

Dhana: “Mbinguni hakuna bahari”

Ufunuo 21:1 inasema hivyo kweli, bahari haipo tena. Jirani yangu mmoja ni mvuvi, analeta samaki mnadani Feri. Siku moja tuko kwenye pantoni la Kigamboni akaniuliza, “Kaka, sasa huko mimi nitafanya kazi gani?” Alikuwa anatania nusu.

Nilimweleza ninavyoelewa: kwa Yohana bahari ndiko anakotoka mnyama, kama kwa Danieli, ndiyo njia ya meli za Babeli, na ndiyo iliyomzunguka yeye pande zote, akatengwa na makanisa yake. Kinachoondoka ni hicho. Akatikisa kichwa kwa heshima, kama mtu aliyepewa chenji pungufu.

Jioni alipopita nyumbani nilitoa Biblia ya mama. Tukasoma Ufunuo 22: mto wa maji ya uzima, miti pande zote, matunda kila mwezi, majani ya kuponya. Kisha nikafungua kurasa nyeupe, Ezekieli 47, alikouchota Yohana mto huo. Pale mto unatoka hekaluni, unashuka hadi kwenye bahari ya chumvi isiyo na uhai, maji yanapona, na aya ya 10 inasema wavuvi watasimama kando yake, patakuwa mahali pa kutandazia nyavu, na samaki wao watakuwa wengi sana.

Aliisoma mwenyewe mara mbili, akiifuata kwa kidole. Alikuwa ametoka moja kwa moja mnadani bila kunawa. Ile alama sijaifuta.