Boti ya faiba haiozi? Gonga kwanza usikie

Hapa Mombasa, kuanzia Likoni mpaka Tudor, wengi wetu tumekua tukiambiwa boti ya faiba haiozi, mbao ndio huoza. Na ni kweli faiba yenyewe haiozi, ila boti nyingi za faiba zina mbao ndani, yani ile mihimili ya chini ya sakafu na pale tezini injini inapofungwa mara nyingi ni mbao au plaiwudi iliyofunikwa faiba, kwa hivyo maji yakipenya kwenye tundu la skrubu lisilozibwa vizuri yanakaa humo miaka, mbao inalainika na nje huoni kitu.

Kujua ni rahisi. Chukua kinyundo kidogo ugonge polepole ngamani, yani chini ndani ya boti, na tezini, pazima panalia kwa ukali, palipooza sauti inakuwa nzito, imefifia. Ukiwa na shaka toboa tundu dogo kutokea ndani, unga wa mbao ukitoka mweusi umelowa, basi imeoza. Halafu uzibe.

Kupaka faiba juu ya mbao iliyooza hakusaidii, hiyo nakwambia kwa sababu ni maisha ya watu baharini. Kata ngozi ya juu, toa mbovu yote, kausha kabisa, piga msasa faiba ya zamani mpaka mng'ao uishe maana resini, ile gundi ya maji inayogandisha faiba, haishiki kwenye utelezi, weka mbao kavu, pembe zizungushie resini nzito, kisha matabaka ya faiba, kila moja pana kuliko la chini yake. Resini ziko aina mbili, na epoksi hushika faiba kuukuu vizuri kuliko poliesta. Na skrubu mpya zote zitiwe silanti, ile dawa ya kuziba maji yasipenye.