Habari za uchunguzi: maana yake na ujuzi unaohitajika

Ukitaja habari za uchunguzi, wengi hufikiria kamera iliyofichwa kwenye kifungo cha shati na mtu anayenong'ona gizani. Hayo yapo, ila ni sehemu ndogo ya kazi. Habari ya uchunguzi ni ile ambayo mwandishi ameitafuta mwenyewe, kwa utaratibu na kwa muda, ili aweke wazi jambo linalougusa umma. Jambo hilo ama limefichwa makusudi, ama limetawanyika vipande vipande kiasi kwamba hakuna aliyewahi kuliona zima. Aina hii ya pili husahaulika, nami naona ndiyo inayomfaa anayeanza kujifunza.

Januari 2002, kikosi cha waandishi wa uchunguzi kiitwacho Spotlight, cha gazeti la Boston Globe, Marekani, kilianza kuchapisha habari za mapadri waliowanyanyasa watoto kingono na namna viongozi wa jimbo kuu la Kanisa Katoliki la Boston walivyowahamisha kutoka parokia moja hadi nyingine. Ushahidi mwingi ulitoka kwenye hati za mahakama na kwa waathirika wenyewe. Lakini waandishi walitumia pia kitabu cha kawaida kabisa: orodha ya kila mwaka inayoonyesha padri yupi anahudumu wapi. Waliipitia mwaka baada ya mwaka, wakiwatafuta walioandikwa kuwa katika likizo ya ugonjwa au wanaosubiri kupangiwa kazi. Majina yalipopangwa pamoja, ukubwa wa tatizo ukaonekana.

Hapa ndipo uchunguzi unapoachana na habari za kila siku, ambazo nyingi humfikia mwandishi zikiwa zimeshatokea: mkutano, tamko, ajali. Hata hati zilizovuja hazitoshi peke yake. Nyaraka milioni 11.5 za Mossack Fonseca, kampuni ya mawakili ya Panama iliyowafungulia wateja kampuni ng'ambo, zilizojulikana kama Panama Papers, zililifikia kwanza gazeti la Süddeutsche Zeitung la Ujerumani. Kabla ya kuchapishwa mwaka 2016, waandishi wa nchi nyingi walitumia miezi mingi kubaini kampuni ipi ni ya nani na ilifunguliwa kwa nini, maana kumiliki kampuni ng'ambo si kosa peke yake.

Ujuzi wa kwanza, na ambao wengi huuruka, ni kuligeuza fununu kuwa nadharia tete, yaani maelezo ya awali yanayoweza kuthibitishwa au kukanushwa. "Dawa zinaibiwa" ni lalamiko. "Dawa zinazolipiwa na serikali hutoka ghala kuu lakini hazifiki kwenye zahanati, kwa sababu hakuna anayelinganisha hati za ghala na leja za zahanati" ni nadharia tete. Kila neno ndani yake linakuelekeza pa kwenda: zililipiwa kiasi gani, nani alisaini zikitoka, dereva alipita wapi, muuguzi alipokea maboksi mangapi. Ikionekana dawa zilifika zote, umekosea, na ni lazima uwe tayari kuiacha habari uliyokwisha kuipenda. Hilo ni gumu kuliko linavyosikika.

Baada ya hapo mwandishi huanza na nyaraka, kisha watu. Zabuni, ripoti za ukaguzi, kumbukumbu za msajili wa makampuni na mafaili ya mahakama humpa maswali mahususi, na anayehojiwa akijua unazo tarehe na kiasi, hawezi kukuzungusha kirahisi. Mahojiano nayo huanzia pembeni kwenda katikati: kwanza waliostaafu, waliohamishwa, walioshindwa zabuni, mhusika mkuu huwa wa mwisho. Wakati wote huo kuna jedwali la matukio linalojazwa tarehe kwa tarehe. Ni kazi ya kuchosha, ila mara nyingi ndimo siri hujitokeza, kwa mfano malipo yanapoonekana kutangulia mkataba.

Pesa ina alama zake pia. Agosti 1972 gazeti la Washington Post liliandika kwamba hundi ya dola 25,000, iliyokusudiwa kampeni ya Rais Nixon wa Marekani, ilikuwa imeingia kwenye akaunti ya mmoja wa waliokamatwa ndani ya jengo la Watergate walipovunja ofisi za chama pinzani. Lakini Oktoba mwaka huohuo gazeti hilohilo liliteleza. Liliripoti kuwa mweka hazina wa zamani wa kampeni, Hugh Sloan, alimtaja msaidizi mkuu wa rais, H. R. Haldeman, mbele ya baraza la mahakama (raia wanaoamua kama upo ushahidi wa kumshtaki mtu) kuwa mmoja wa waliosimamia fedha za siri. Uhusika wa Haldeman ulikuwapo, lakini Sloan hakuwa amesema hivyo mbele ya baraza, kwa kuwa hakuulizwa. Ikulu ikapata pa kushambulia. Ndiyo maana timu makini hupitia makala mstari kwa mstari na kuuliza kila sentensi imetoka wapi: ni hati, ni shahidi aliyeona, au ni mtu aliyesimuliwa?

Anayetuhumiwa hupewa tuhuma zote na muda wa kutosha kujibu. Anayetoa siri hulindwa tangu mawasiliano ya kwanza, kwani jina lililokwisha kutumwa kwa barua pepe ya ofisini halirudi. Kujifanya mtu mwingine, kama mwandishi Nellie Bly alivyofanya mwaka 1887 alipoingia hospitali ya wagonjwa wa akili New York akijisingizia ugonjwa, hubaki njia ya mwisho pale ambapo hakuna nyingine.

Kwa anayejifunza, naona zoezi bora ni kuchukua ripoti moja ya ukaguzi iliyochapishwa, kuchagua hoja moja tu, kisha kutafuta hati tatu na watu watatu wanaoihusu. Usichague hoja yenye kiasi kikubwa zaidi cha fedha. Chagua ile ambayo mahali pake unaweza kufika ukaone mwenyewe kama kilicholipiwa kipo.