Bawa likikatika, si kwa sababu balsa ni laini

Ndege kubwa ya mfano inayoongozwa kwa redio ikikatika bawa angani, lawama huangukia balsa, mbao nyepesi inayojengewa ndege hizo: "mti laini huo, ongeza gundi ya epoksi." Epoksi ya ziada aghalabu huongeza uzito tu.

Tuanze na mzigo. Nguvu ya juu kabisa ambayo bawa laweza kuzalisha huongezeka kwa mraba wa kasi. Ndege ya kilo 10 ambayo haiwezi kuruka chini ya mita 12 kwa sekunde, ikipiga mbizi hadi kasi ya mita 48 kwa sekunde kisha rubani akavuta usukani ghafla, mabawa yake yaweza kubebeshwa hadi kilo 160. Mzigo huo hulikunja bawa, na mkunjo huwa mkubwa zaidi kwenye shina lake, karibu na kiwiliwili.

Hapo ndipo boriti mbili zinazopita ndani ya bawa kwa urefu wake, ya juu na ya chini, hufanya kazi. Ya chini huvutwa, ya juu hubanwa, na mbao huhimili kuvutwa zaidi kuliko kubanwa. Boriti ya juu ikikosa kushikiliwa hupinda na kuvunjika. Kinachoishikilia ni vibao vyembamba vya balsa hiyohiyo inayotukanwa, vilivyogandishwa kati ya boriti mbili, nyuzi zake zikiwa wima. Wajenzi wenye haraka huviruka, au huviweka nyuzi zikiwa za mlalo, na hapo ni kazi bure.

Boriti ikiwa nzima lakini bawa limesambaratika, kagua bawaba za vibawa vinavyosogea kwenye ukingo wa nyuma wa bawa, na mikono ya servo, yaani mota ndogo zinazovisogeza: ulegevu huzaa mtetemo unaoweza kurarua bawa ndani ya sekunde chache.