Zilipendwa ambazo hazikupendwa: dhana potofu kuhusu Northern Soul inavyozeeka

Northern Soul ni utamaduni wa kukesha ukicheza santuri adimu za soul za Wamarekani weusi, uliokulia kaskazini mwa Uingereza. Wigan Casino, ukumbi wa dansi wenye jina kubwa kuliko kumbi zote za Northern Soul, ulianza mikesha yake Jumapili ya tarehe 23 Septemba 1973, kuanzia saa nane usiku hadi saa mbili asubuhi. Leo waliokesha pale ni mababu na mabibi. Wengi wao huingia ukumbini saa nane mchana, na ikifika saa mbili usiku wameshavua viatu nyumbani. Saa ni zilezile, ila zimehamia upande wa pili wa siku. Mtu wa nje akiona hivyo husema mambo yamekwisha, wamebaki wazee na kumbukumbu zao. Hiyo ni dhana moja tu kati ya nyingi.

"Ni muziki wa kaskazini mwa Uingereza"

Kaskazini ilikuwa na sakafu tu. Muziki wenyewe uliimbwa na Wamarekani weusi wa Detroit, Chicago, Philadelphia na Los Angeles, sehemu kubwa katikati ya miaka ya 1960, kwenye lebo ndogo ambazo baadhi zilitoa santuri mbili tatu zikafa. Jina nalo lilizaliwa London. Dave Godin, mwandishi wa jarida la Blues & Soul aliyekuwa na duka la santuri Covent Garden liitwalo Soul City, aliona kwamba wateja waliofuatana na timu zao za mpira kutoka kaskazini hawakuitaka funk mpya. Walitaka mdundo wa mbio wa miaka mitatu minne iliyopita. Mwaka 1968 akawaambia wauzaji wake wasipoteze muda: hao wawekeeni "northern soul". Lilikuwa neno la kaunta.

Msomaji wa Kiswahili atakimbilia kusema basi hizi ni zilipendwa. Hapo ndipo penye kosa. Zilipendwa zetu, za Mbaraka Mwinshehe au Marijani Rajabu, zilitamba redioni kwa wakati wake, na anayezicheza leo anakumbuka alikuwa wapi alipozisikia mara ya kwanza. Santuri nyingi za Northern Soul hazikupendwa na mtu zilipotoka. Ziliuza nakala chache, zikalala maghalani, zikaja kupendwa miaka kumi baadaye ng'ambo ya bahari, na vijana wa viwandani ambao hawakuwahi kukanyaga Marekani. Kule kuanguka ndiko kulikozifanya ziwe adimu, na uadimu ndio uliomfanya DJ mmoja awe nayo na mwenzake aikose. Asiyelishika hilo hataelewa ugomvi wowote unaofuata hapa chini.

(Soul ilikuwa na maadui pia. Novemba 1969, Manchester ikikesha nayo kwenye klabu ya Twisted Wheel, Dar es Salaam iliupiga muziki huo marufuku.)

"Ilikufa Casino ilipofungwa"

Casino ilifunga tarehe 6 Desemba 1981, na mwaka uliofuata jengo likaungua. Lakini ufa ulikuwapo tangu katikati ya miaka ya 1970. Kwenye Highland Room ya ukumbi wa Blackpool Mecca, ma-DJ Ian Levine na Colin Curtis walianza kupiga santuri mpya za New York, zenye ala nyingi na mwendo wa kuteleza. Wigan ikashikilia miaka ya 1960 na mwendo wa mbio. Wachezaji waligawanyika kweli, hata kununiana. Wakati huohuo kampuni za santuri zilinusa fedha: mwaka 1975 jina la Wigan liliingia kwenye chati kwa nyimbo ambazo wenyewe waliziona ni za kitoto. Mwaka 1981, mwaka uleule wa kufungwa, Soft Cell walishika namba moja na "Tainted Love", wimbo ambao Gloria Jones aliutoa mwaka 1965 kwenye upande wa pili wa santuri isiyokwenda popote.

Baada ya hapo umati ulipungua, lakini masikio yalipanuka. Kwenye ukumbi wa Top of the World ya Stafford, kati ya 1982 na 1986, ma-DJ walirudi kuchimba miaka ya 1960 na kuleta nyimbo zisizojulikana, nyingine za taratibu kiasi ambacho Wigan isingezivumilia. London, mikesha ya 100 Club kule Oxford Street iliendelea na mambo hayohayo.

Kilichobadilisha zaidi sura ya ukumbi ni kurudi kwa walioondoka. Miaka ya 1980 maelfu waliacha: ndoa, watoto, viwanda na migodi kufungwa. Miaka ya 1990 watoto walipokua, wakarudi. Waliorudi walitaka nyimbo walizoziacha 1978, zilezile, kwa mpangilio uleule. Waliobaki walikuwa wameshatembea miaka kumi na tano mbele. Kwa hiyo unaposikia "wazee wa Northern Soul" jua ni makundi mawili, na hawakubaliani.

Waandaaji wenye nafasi hufungua vyumba viwili: kimoja cha nyimbo zinazojulikana, kingine cha adimu na za miaka ya 1970. Wenye chumba kimoja hutegemea hesabu ya DJ. Wimbo mmoja una dakika mbili na nusu hivi, kwa hiyo saa moja hubeba santuri kama 24. DJ mwenye busara huweka ngeni moja baina ya mbili zinazojulikana, tena mapema, watu wakiwa bado na glasi mkononi na masikio yakiwa huru. Kosa la kawaida ni kuzipanga ngeni tatu mfululizo saa ya kilele. Ya kwanza wanavumilia, ya pili wanakwenda chooni, ya tatu DJ anajipigia mwenyewe. Kosa la upande wa pili halionekani upesi: kupiga zilezile mia mbili kila wiki. Sakafu inajaa, hakuna anayelalamika, na baada ya miaka michache wasikilizaji wenye kiu wote wamehama.

"Walikesha kwa vidonge tu"

Vidonge vya amfetamini vilikuwapo, hakuna haja ya kupaka rangi. Ukumbi wa Torch kule Tunstall, uliorithi wachezaji wa Twisted Wheel, ulifungwa mwaka 1973 kwa sehemu kubwa kwa sababu hiyo. Ila mikesha ya Casino haikuuza pombe, na wengi walikesha kwa soda na miguu yao. Leo baa iko wazi, na vidonge vilivyomo mkobani ni vya presha.

"Kucheza kwenyewe ni sarakasi"

Lawama ni za kamera. Wapiga picha wa miaka ya 1970 walitafuta anayezunguka kama pia na anayejirusha chali, wakawaacha mia tano waliobaki. Sehemu kubwa ya wimbo huchezwa kwa hatua za pembeni: uzito uwe mbele ya unyayo, mguu wa kulia uende kando, wa kushoto uburuzwe kuufuata, kisha kurudi, hatua moja kwa kila pigo. Kiwiliwili kimetulia, mikono imelegea, na hakuna mwenzi wa kushikwa. Mbwembwe husubiri pale wimbo unapokatika, sauti inaponyamaza na ngoma kubaki peke yake.

Kuzunguka kuna utaratibu wake. Unapitisha mguu mmoja mbele ya mwingine, unajisukuma, unakunja mikono kifuani ili mwili uende kasi. Kuifungua mikono ndiyo breki. Kujirusha chali ni kukunja magoti, kutanguliza mkono nyuma sakafuni, na kujisukuma juu kabla sauti haijarudi.

Umri huvichukua vitu hivi kwa zamu. Kwanza huondoka kujirusha, kwa sababu ya viwiko, vifundo vya mikono na magoti. Kisha mizunguko, kwa sababu kizunguzungu cha mtu wa miaka sitini hakitoki upesi. Hatua hubaki, na mara nyingi huwa nzuri kuliko zamani: fupi, imelala juu ya pigo, haina papara. Aliyecheza kwa miaka arobaini anaujua wimbo hadi mahali mwimbaji anapovuta pumzi. Atapiga kofi moja pale unapokatika, na kofi hilo litashinda mizunguko mitano iliyokosa wakati.

Maumivu yanayodhaniwa ni ya uzee mara nyingi ni ya sakafu na kiatu. Mbao zilizoachiwa nafasi chini yake hunepa na kumeza kishindo. Saruji iliyofunikwa vigae hukirudisha chote kwenye muundi na goti. Soli iwe ya ngozi. Mpira hushika: mwili unageuka, mguu unabaki, na kinachosokotwa ni goti. Poda nayo ina kipimo chake. Kidogo tu chini ya soli kinatosha kulainisha mbao zenye vanishi. Anayemwaga kopo zima anamtegea mwenzake. Poda ikikutana na bia iliyomwagika inakuwa uji unaonata, na vumbi lake hupanda hadi kwenye sindano ya DJ. Ndiyo maana kumbi nyingi siku hizi zimeikataza, na ndiyo maana kuingia sakafuni na glasi ni utovu wa adabu.

"Asiyepiga santuri halisi si wa humu"

Hii ndiyo dhana yenye kelele zaidi, na ina ukweli nusu. Kanuni ya toleo la kwanza tu ilikuwa na kazi yake: ikiwa kila mtu anaweza kupiga nakala, nani atatumia mshahara wake kwenda kufukua maghala ya Marekani? DJ aliyepata kitu alifunika lebo na kubuni jina la mwimbaji ili washindani wasikifuate. "Do I Love You (Indeed I Do)" wa Frank Wilson ulipigwa kumbini kwa jina la Eddie Foster. Nakala zake za mwaka 1965 ziliharibiwa karibu zote. Moja iliuzwa mwaka 2009 kwa pauni 25,742.

Lakini hata enzi za Casino sakafu ilijaa nakala za bandia na sahani laini za kuchongwa moja moja, maarufu zikiwa za Emidisc, ambazo huchakaa baada ya kupigwa mara chache. Maelfu walicheza juu ya bandia bila kujua, na miguu yao haikuona tofauti. Kanuni hiyo ilikuwa ya wawindaji, haikuwa ya wachezaji. Aliyeumia ni mwimbaji, maana bandia haikumlipa hata senti. Matoleo mapya yenye leseni, kama ya lebo ya Kent ya Uingereza yaliyoanza mwaka 1982, angalau yana mkataba nyuma yake. Kumdharau kijana anayepiga toleo la leseni huku ukiwa na bandia ya 1975 kabatini ni kichekesho.

Anayenunua halisi atazame kwanza ile sehemu tupu baina ya wimbo na lebo. Santuri zilizotengenezwa kiwanda cha Monarch, Los Angeles, zina alama ya pembetatu na namba iliyokwaruzwa pale. Nyingi si za vinili. Ni za polistirini, plastiki ngumu isiyopindika, na lebo yake imegundishwa juu. Ukijua ya kwanza ilikuwa ya polistirini na uliyoshika inapinda, weka chini uondoke. Udhaifu wa plastiki hiyo ni kwamba DJ akiisukuma mbele na nyuma kutafuta mwanzo wa wimbo, sindano huuchoma mfereji. Santuri kama hizo hulia shshsh sekunde mbili za kwanza, kisha zinatulia. Kumbuka pia tundu: la Kimarekani lina upana wa milimita 38 hivi, kwa hiyo bila kipande cha katikati santuri itayumba na sauti italegea kama mlevi.

"Kila kitu kimeshagunduliwa"

Maghala yamekauka, makabati ya kanda bado. Studio zilirekodi nyingi zaidi ya zilizotoa. Ady Croasdell, mmoja wa walioanzisha mikesha ya 100 Club, alipopitia kanda kwa niaba ya Kent alikuta nyimbo ambazo hazikuwahi kuchapwa, kama "The Magic Touch" wa Melba Moore: ulirekodiwa miaka ya 1960, ukatoka miaka ya 1980, ukaingia sakafuni kama mtoto mchanga.

"Vijana wanakuja kuigiza tu"

Filamu ya Elaine Constantine ya mwaka 2014, iliyowafunza vijana kucheza kabla ya kurekodiwa, iliwaleta wengi. Julai 2023 muziki huu ulipigwa na okestra Royal Albert Hall, kwenye tamasha la Proms. Ukiingia ukumbini sasa utaona jambo la kuchekesha: aliyevaa suruali pana ya 1974 amezaliwa 2001, na aliyekuwapo 1974 amevaa shati la kawaida na viatu vyepesi. Vijana wengi hujifunzia simuni, kwa hiyo huanza na mizunguko na kumaliza na hatua, kinyume cha utaratibu. Wanachukua nafasi ya watu wanne, wanagonga, wanakunjiwa nyuso. Dawa yake ni ndogo: miezi michache pembeni mwa sakafu, hatua tu, mbwembwe baadaye. Wenye subira hiyo huachiwa nafasi bila kuomba, na wakongwe huwa wa kwanza kuwaazima santuri.

Wengi wanadhani pia kwamba mkesha lazima ufunge na nyimbo tatu za Casino, za waimbaji Tobi Legend, Jimmy Radcliffe na Dean Parrish. Ni kweli zilipigwa kabla ya saa mbili asubuhi, na siku hizi hufunga hata vikao vya mchana na kuombwa mazishini. Ila usiku wa mwisho wa Casino zilipigwa mara tatu mfululizo na watu wakagoma kutoka. DJ Russ Winstanley akaweka santuri ya kuwaaga kabisa, na ilikuwa ya Frank Wilson.