Maji ya kisima husimulia mwamba, lakini si kwenye chupa ya juisi

Wiki haipiti bila mtu kufika kwenye dirisha la kupokelea sampuli la maabara yetu ya maji akiwa na chupa mbili na hasira. Chupa moja ina maji maangavu, imejaa hadi shingoni. Nyingine ina maji ya rangi ya chai na vumbi jekundu chini. "Yote ni ya kisima kimoja," anasema. "Haya ya leo, haya ya jana. Nataka mniandikie nani amenichafulia." Tunamwomba akae. Ile chupa ya maji maangavu tunaifungua, tunamimina kiasi kwenye bilauri na kuiacha mezani. Hajamaliza kujaza fomu, bilauri imeanza kupata ukungu. Akirudi mchana inakuwa na masimbi mekundu kama ya jana.

Hakuna aliyemchafulia. Kule chini maji hayo yalikaa bila oksijeni, na chuma kilichotoka kwenye mwamba kilikuwa kimeyeyuka, hakionekani kwa macho. Yalipopandishwa yakakutana na hewa, chuma kikashika oksijeni na kuwa kutu. Kwa kiasi kinachopatikana visimani, chuma hiki ni kero ya nguo nyeupe na mabomba kuliko hatari ya afya. Dawa yake ya kawaida ni kuyapitisha maji kwenye hewa, kuyaacha yatulie, kisha kuyachuja kwa mchanga.

Malalamiko ya namna hii yameongezeka, na yana ndugu zake: majibu ya maabara mbili yametofautiana, sampuli imekataliwa, mtu kaambiwa arudi kisimani wakati keshapanda magari mawili. Tunaamini wengi huja kwa nia njema. Kwa hiyo tumeona tueleze, kwanza maji na mwamba wanavyofanyiana, halafu kwa nini sisi ni wasumbufu.

Mvua inapozama ardhini hupita kwenye udongo ambamo mizizi na vijidudu vinapumua, hubeba hewa ya ukaa na kuwa tindikali dhaifu. Tindikali hiyo ndiyo inayoula mwamba. Kwenye chokaa inakula haraka, ndiyo maana sehemu za chokaa zina mapango, na maji yake huacha ukoko mweupe kwenye birika. Kwenye granaiti inakula polepole sana: madini ya feldispa yanageuka udongo wa mfinyanzi, huku sodiamu, potasiamu na silika zikiondoka na maji. Kwa hiyo mambo matatu ndiyo yanayoamua maji yatatoka na nini: ni mwamba gani, joto likoje, na maji yamekaa humo muda gani. Kuna maji ya siku chache na kuna maji ya maelfu ya miaka. Yale yaliyo chini ya mchanga wa Sahara ya mashariki, kwa mfano, kwa sehemu kubwa yaliingia ardhini zamani, jangwa hilo lilipokuwa likipata mvua.

Hapa ndipo tunapokutana na imani tatu ambazo, tuseme ukweli, zinatuchosha. Ya kwanza: maji yakiwa maangavu ni salama. Ya pili: yakichemshwa yamekwisha kuwa salama. Ya tatu: ukichimba zaidi utapata mazuri zaidi.

Chukua floraidi. Kwenye Bonde la Ufa la Afrika Mashariki, ambako miamba ya volkano ni mingi, maji ya baadhi ya visima na chemchemi yana floraidi kupita kiwango cha miligramu 1.5 kwa lita kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani. Meno ya watoto hupata madoa ya kahawia, na kiwango kikiwa kikubwa kwa miaka mingi mifupa nayo huharibika. Floraidi haina rangi wala harufu. Ukiyachemsha maji unaua vijidudu, jambo zuri, lakini mvuke unaondoka na floraidi inabaki sufuriani, imekolea zaidi kuliko mwanzo.

Kuna jambo ambalo watu huliona kinyume kabisa. Kalisi na floraidi zikikutana kwa wingi hushikana na kuganda kama madini, hivyo maji yenye kalisi nyingi kwa kawaida hayawezi kubeba floraidi nyingi. Maji yaliyosafiri sana kwenye miamba ya volkano mara nyingi yameshaiacha kalisi njiani na kubaki na sodiamu na bikaboneti. Haya ndiyo maji laini, yanayotoa povu zuri la sabuni, ambayo wenyeji huyasifu. Yale magumu yanayoacha ukoko ndiyo yanayolalamikiwa. Hatusemi kila maji laini yana floraidi. Tunasema povu la sabuni si kipimo.

Aseniki, sumu iliyomo kwenye baadhi ya madini, ni kisa kingine. Bangladesh ilichimbiwa visima vingi vifupi vya mabomba kuanzia miaka ya 1970, watu waepuke maji ya madimbwi yenye vijidudu vya kuhara. Nia ilikuwa njema na vijidudu kweli viliepukwa. Lakini mashapo yaliyoletwa na mito kutoka Himalaya yana chembe za oksidi ya chuma, na aseniki imezishikilia. Pasipo oksijeni, bakteria wanaokula mabaki ya mimea hutumia oksidi hizo katika upumuaji wao. Chuma kinayeyuka na aseniki inaachiliwa majini. Kiwango cha mwongozo cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 0.01 kwa lita, na mamilioni ya watu walikuwa wakinywa zaidi ya hapo kwa miaka bila kujua. Huko, visima virefu kwa kawaida vina aseniki kidogo kuliko vifupi. Kwingine, kushuka zaidi ni kuyafuata maji ya moto yenye floraidi zaidi. Kina hakimpi mtu cheti.

Migodi tutaigusa kwa ufupi. Mwamba wenye pairiti, yaani madini ya chuma na salfa, ukiwa umezikwa umetulia. Ukivunjwa na kuachwa lundo juani, hewa na mvua vinaugeuza tindikali ya salfa, na bakteria huharakisha kazi hiyo. Kwenye mgodi wa Iron Mountain, Kalifonia, yamepimwa maji ya mgodini yenye pH ya chini ya sifuri (pH hupima tindikali: kadiri namba inavyoshuka ndivyo ilivyo kali). Mtu anayesema "mgodi umefungwa, basi yameisha" aelewe kwamba maji hayana habari ya kufungwa kwa mgodi.

Tabia hiyohiyo ya maji kubeba mwamba ndiyo inayotusaidia kwenye nishati ya jotoardhi, yaani joto la chini ya ardhi. Silika huyeyuka zaidi kadiri joto linavyopanda. Maji ya moto yakipanda haraka hadi kwenye chemchemi hubaki na silika ya kule yalikotoka, kwa hiyo chupa moja iliyochukuliwa vizuri inaweza kukadiria joto la chini kabla mtambo wa kuchoronga haujafika. Uwiano wa sodiamu na potasiamu hutumika vilevile, na tukiona vipimo hivyo viwili vinapingana sana, tunashuku kwamba maji ya moto yamechanganyika njiani na ya baridi. Silika hiyohiyo, yakipoa, huganda kwenye mabomba ya kituo cha jotoardhi na kuyaziba.

Wapo pia wanaoutumia mwamba kufungia hewa ya ukaa. Kwenye mradi wa CarbFix, Iceland, mwaka 2012 hewa hiyo iliyeyushwa kwenye maji na kusukumwa kwenye basalti, mwamba wa volkano. Tindikali ikatoa kalisi, magnesiamu na chuma kutoka kwenye mwamba, navyo vikashikana na kaboni kuwa madini magumu. Zaidi ya asilimia 95 iligeuka mawe katika muda usiofika miaka miwili. Bei yake ni maji: takriban tani 25 kwa kila tani moja ya hewa ya ukaa. Na kule Bourakébougou, Mali, waliokuwa wakichimba kisima cha maji mwaka 1987 walipata gesi inayowaka, ikaja kubainika kuwa karibu yote ni haidrojeni. Mojawapo ya njia ambazo ardhi hutengeneza haidrojeni ni maji kukutana na miamba yenye chuma kingi. Hatushauri mtu awashe kiberiti kisimani kuhakiki.

Sasa sampuli, ambako ndiko ugomvi uliko.

Maji yaliyolala ndani ya bomba la kisima si maji ya mwamba. Piga pampu hadi maji ya ujazo wa kisima yatoke walau mara tatu, na uendelee mpaka joto, pH na upitishaji umeme vitulie. Vipimo hivi vitatu hufanyika palepale. pH iliyopimwa baada ya saa sita barabarani ni pH ya chupa, kwa sababu hewa ya ukaa imeshatoroka. Bikaboneti nayo ipimwe kisimani ikiwezekana, la sivyo siku hiyohiyo.

Kwa kila kisima tunataka chupa mbili. Ya kwanza, ya kupimia metali, maji yake yachujwe kwa kichungi cha mikromita 0.45 kisha yatiwe asidi ya naitriki hadi pH ishuke chini ya 2. Bila asidi, chuma huganda na kung'ang'ania kuta za chupa, na aseniki hukifuata. Ukitia asidi kabla ya kuchuja, unayeyusha matope, kisha unatulaumu kwamba kisima kina alumini. Ya pili, ya floraidi, kloridi na salfeti, haitiwi kitu, iwe ya plastiki, ijazwe pomoni bila kiputo cha hewa. Kwa chemchemi ya moto tunaongeza ya tatu: maji yazimuliwe mara kumi kwa maji safi ya maabara hapohapo, silika isije ikaganda njiani. Zote ziwekwe kwenye baridi ya nyuzi 4 hivi, kila moja na lebo yenye jina la kisima, kina, tarehe, saa na jina la aliyechukua. Kalamu iwe ya wino usiofutika.

Sampuli hukataliwa dirishani ikiwa haina lebo, imekuja kwenye chupa ya soda au juisi, ina nafasi ya hewa, au fomu ya makabidhiano ina saini pungufu. Hakuna mjadala, na safari ya kurudia ni juu ya mleta sampuli. Ikipokewa, tunajumlisha chaji chanya na hasi za vyote vilivyopimwa, ambazo majini hulingana. Tofauti ikiwa ndani ya asilimia 5, tunatoa majibu. Ikizidi, tunapima upya, na ikizidi tena hatutoi cheti hata kama mteja ana haraka. Wanaolinganisha majibu ya maabara mbili waanze kwa kuuliza kama chupa mbili zilichukuliwa kwa namna moja. Mara nyingi moja ilitoka kwenye pampu na nyingine kwenye tangi la juu ya paa.

Na izingatiwe kwamba cheti chetu kinaandika viwango tu. Kusema kisima kitumike au kifungwe ni kazi ya mamlaka ya maji na ya afya ya eneo husika, na maelezo haya hayachukui nafasi ya kanuni zao.

Chupa tupu tunatoa wenyewe. Yenye kifuniko cheupe, isiyotiwa kitu, isuuzwe mara tatu kwa maji ya kisima kabla ya kujazwa. Yenye kifuniko chekundu, ya metali, isisuuzwe kamwe, na isiachwe watoto wanapofika: matone yaliyo ndani ni asidi, tumeyatia sisi.